Kompyuta uliyoiunda mwenyewe inazima ovyo: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Huku Nyanda za Juu Kusini, mtu anayeunda kompyuta yake ya mezani huwa amekusanya vipande kwa muda mrefu. Madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imetoka Kariakoo kwa basi, kadi ya grafiksi ni ya mtumba, RAM moja alikuwa nayo na nyingine akaiongeza baadaye, kasha na pawa saplai amenunua Mwanjelwa, Mbeya. Mashine inawaka, inafanya kazi wiki kadhaa, kisha inaanza kuzima katikati ya shughuli bila mpangilio unaoeleweka. Hapo kila anayeulizwa ana jibu lake: badilisha RAM, hiyo ni kadi, piga Windows upya. Mwenye mashine anatoa laki, anatoa nyingine, na tatizo bado liko pale pale.

Hasara hiyo inazuilika. Kompyuta ina namna kadhaa za kuzima, na kila namna inawaondoa washukiwa fulani na kuwabakiza wengine. Kwa hiyo usishike bisibisi kwanza. Shika daftari.

Inazimaje?

Andika tarehe, saa, ulichokuwa unafanya, na kitu kingine chochote kilichotokea nyumbani wakati huo: pasi iliwashwa, friji iliunguruma, mvua ilikuwa inanyesha, jirani mwenye mashine ya kuchomelea alikuwa kazini. Kisha eleza ilivyozima, maana hapa ndipo penye habari.

Ikizima mara moja kama iliyochomolewa, feni zikasimama na taa zote zikatoka, fikiria umeme, pawa saplai, joto lililopita kiasi au shoti mahali fulani. Windows haina kawaida ya kuzima mashine kwa ghafla namna hiyo. Ikijiwasha upya yenyewe, bado jambo halijajulikana: inaweza kuwa umeme umeyumba, au kulikuwa na skrini ya bluu iliyopita haraka usiione. Ikiganda, picha ikabaki na panya haisogei, watazame RAM, prosesa na kadi ya grafiksi. Panya ikisogea lakini hakuna kinachofunguka, mtazame diski. Skrini ikiwa nyeusi huku muziki unaendelea kupigwa, anza na kadi ya grafiksi. Na kama kinachojifunga ni programu moja tu, gemu fulani au ile ya kuhariri video, mashine ikabaki hai, basi kabla ya kulaumu vifaa jaribu programu nyingine nzito. Zikianguka mbili tatu tofauti, rudi kwenye RAM na prosesa.

Ili usichanganye skrini ya bluu na umeme ulioyumba, izuie Windows isijiwashe upya baada ya hitilafu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, kisha ondoa tiki kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo, hitilafu ya Windows itabaki imesimama kwenye skrini mpaka uipige picha kwa simu. Matoleo mapya ya Windows 11 yanaonyesha skrini nyeusi badala ya bluu, usidanganyike na rangi. Cha muhimu ni maandishi.

Kumbukumbu za Windows zinasema nini

Andika eventvwr.msc kwenye kisanduku kile kile cha R, fungua Windows Logs kisha System, na uende kwenye saa uliyoandika daftarini. Karibu kila mara utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Watu wengi huliona neno Power wakakimbilia kununua pawa saplai. Tukio 41 linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Lifungue, nenda Details, tazama BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na mara nyingi hiyo ina maana kwamba umeme ulipotea, mashine iliganda ukaizima kwa kidole, au kifaa kilijizima. Ikiwa ni namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu, na namba hiyo ndiyo msimbo wake ulioandikwa kwa desimali.

Tafuta pia WHEA-Logger. Huyu ni shahidi mzuri: anaripoti makosa yaliyogunduliwa na vifaa vyenyewe, hasa prosesa na njia za PCIe, zile zinazounganisha kadi na madabodi. Kama yupo mara kwa mara, usipoteze muda kupiga Windows upya.

Misimbo ichukue kama mwelekeo, usiichukue kama hukumu. MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL zikija kwa kubadilishana, leo hii na kesho ile, kwa uzoefu wangu RAM ndiyo ya kwanza kupimwa. Ukipata msimbo mmoja ule ule kila mara, na jina la faili moja lenye mwisho wa .sys, hapo draiva, programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa, ina kesi ya kujibu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa au volti. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya grafiksi au draiva yake. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR ni diski, waya wake, na mara chache RAM.

Anzia ukutani

Miongozo mingi iliyoandikwa nchi za mbali huweka umeme wa nyumba mwishoni, au isiutaje kabisa. Kwetu uweke mwanzo. Ninasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika mwongozo huu.

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 20. Pawa saplai iliyotengenezwa kwa kiwango cha ATX, ikiwa imebeba mzigo wake wote, ina akiba ndani ya kapasita ya kuiendesha mashine kwa takriban milisekunde 16 au 17 tu baada ya umeme kukatika. Maana yake umeme ukipotea kwa mzunguko mmoja, muda ambao taa inapepesa kidogo na redio haishtuki, kompyuta iliyokuwa ikirenda (ikitengeneza faili la mwisho la) video ya harusi inaweza kuzima, na iliyokuwa imefungua barua tupu ikapona. Jirani atasema umeme haukukatika, wewe utasema mashine imezima, na nyote mnasema kweli.

Rudi kwenye daftari lako. Je, vifo vingi vimetokea kati ya saa 1 na saa 3 usiku, watu wanapopika na kuwasha kila kitu? Au mchana, mashine ya kusaga ya mtaani inapoanza? Kama kuna mpangilio wa saa, pima volti ya soketi wakati huo huo kwa multimita. Kama hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwite fundi umeme, jambo hili halina majaribio. Volti ikishuka chini ya 200 na kupanda tena, pawa saplai za bei ya chini zilizoandikwa 200 hadi 240 zinaweza kushindwa. Zile zilizoandikwa 100 hadi 240 huvumilia kushuka, ingawa haziwezi kuvumilia kukatika.

Kagua njia nzima kutoka soketi hadi kasha. Ekstensheni zilizounganishwa moja juu ya nyingine, plagi iliyolegea, soketi yenye alama nyeusi ya kuungua, waya mwembamba uliobeba kompyuta, birika na pasi kwa pamoja. Shika plagi baada ya saa moja ya kazi nzito. Ikiwa ya moto, umepata kitu cha kurekebisha hata kama sicho kilichokuleta.

Kuna nyumba ambazo kompyuta imechomekwa kwenye friji gadi kwa nia njema ya kuilinda. Friji gadi kazi yake ni kukata umeme volti ikitoka nje ya mipaka, kisha kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa friji ni sawa kabisa. Kwa kompyuta ni kuzimwa ghafla huku taa za chumbani zikiwaka, na mwenye mashine akahangaika na RAM. Iondoe hapo. Stabilaiza ya rilei ina nafuu, lakini kila unaposikia inalia tak, rilei inahama, na pawa saplai iliyochoka inaweza kuanguka katika mpito huo.

Dawa ya kweli ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, na betri yake iwe nzima. Tazama wati zake, usitazame VA peke yake: UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi haifiki wati 400, na kompyuta ya gemu pamoja na skrini inaweza kuvuka hapo. Betri zake za asidi huchoka ndani ya miaka 3 hadi 5, mapema zaidi kama umeme unakatika kila siku. UPS yenye betri iliyokufa huonyesha taa ya kijani vizuri tu mpaka siku ya kuhitajika. Ijaribu: hifadhi kazi zako, washa kitu kizito, zima soketi ya ukutani. Kama kompyuta imezima hapo hapo, ama betri imekwisha, ama mzigo umezidi, ama umbo la umeme wa UPS hiyo halipatani na pawa saplai yako. Hili la mwisho hutokea kwa UPS za bei nafuu zinazotoa mawimbi ya ngazi zikikutana na pawa saplai za kisasa.

Na jaribio bora kuliko yote halina gharama isipokuwa nauli. Chukua kasha lako, nenda kwa ndugu au rafiki anayekaa mtaa mwingine kabisa, tuseme hapa Mbeya wewe uko Soweto yeye yuko Uyole, uifanyishe kazi ile ile. Ikizima kule kama ilivyozima kwako, umeuondolea lawama umeme wa nyumba yako kwa jioni moja.

Kasha likikupiga kishoti kidogo unapoligusa ukiwa peku, waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, haufanyi kazi. Vichujio vya ndani ya pawa saplai hupeleka mkondo mdogo kwenye bati la kasha, na bila ethi bati hilo hukaa karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini unasumbua vifaa vya USB na waya za skrini, na siku waya wa moto ukigusa kasha hakutakuwa na njia salama ya kuuondoa. Usikate mguu wa tatu wa plagi, wala usitumie plagi ya miguu miwili. Mwite fundi akague ethi ya nyumba nzima.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, radi ikikaribia chomoa kompyuta pamoja na waya wa mtandao. Mashine iliyopitiwa na radi haifi yote kila mara. Pengine hufa tundu la mtandao tu, kisha kuzima ovyo kukafuata.

Pawa saplai yenyewe

Isome lebo. Namba kubwa iliyochapwa pembeni haina maana sana. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiksi hula kutoka hapo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 ikiwa na ampea 20 tu kwenye mstari huo, ina wati 240 za kazi. Uzito nao unasema: nyepesi kupita kiasi huwa imepunguzwa vya ndani.

Kiwango kinaruhusu mstari wa volti 12 uyumbe kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Pima mashine ikiwa kazini, si ikiwa imepumzika. Programu ya HWiNFO inaonyesha namba hizi lakini vihisi vya madabodi vinaweza kukosea, kwa hiyo ukiona namba ya ajabu thibitisha kwa multimita kwenye waya wa njano na mweusi. Usiifungue pawa saplai. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Kuna dalili moja ya baridi ambayo watu wa Njombe na Makete wataitambua. Mwezi wa saba, asubuhi, mashine inawaka, inazima, inawaka, inazima, halafu ikishapata joto inafanya kazi siku nzima. Kapasita zilizozeeka hufanya kazi vibaya zaidi zikiwa baridi. Pawa saplai ya mtumba yenye tabia hiyo isisubiriwe, ibadilishe.

Safari ya Kitonga

Kama mashine iliundwa Dar es Salaam ikaletwa ikiwa nzima kwa basi, imesafiri zaidi ya kilomita 800, na kona za Kitonga zikiwemo. Hitisinki nzito, kile chuma cha kupooza prosesa, na kadi kubwa ya grafiksi huning'inia kwenye madabodi njia nzima. Kadi inatoka kidogo upande mmoja wa tundu lake, macho hayaoni, mashine inawaka, na kuzima kunaanza wiki ya pili.

Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza mabaki, gusa bati tupu la kasha kuondoa umeme tuli wa mwilini. Toa RAM na kadi, zirudishe mpaka usikie vishikizo vikilia. Sukuma waya mkubwa wa pini 24 na ule wa prosesa wa pini 8 ulio kona ya juu. Huyu wa pili ndiye anayesahaulika nusu ameingia. Ukilitikisa kasha polepole na kusikia kitu kinagonga, kitafute. Skrubu moja iliyopotelea nyuma ya madabodi inatosha kuleta shoti ya kuja na kuondoka, na vile vijiguu vya shaba vinavyobeba madabodi viwe tu mahali penye tundu la skrubu.

Kuhusu waya za kadi ya grafiksi: tundu la madabodi hutoa hadi wati 75, kiunganishi cha pini 6 wati 75, cha pini 8 wati 150. Kadi yenye matundu mawili ipe waya mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila moja peke yake, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kama unaweza kuepuka. Adapta inayochukua umeme wa diski na kuugeuza kuwa pini 8 itoe leo. Kiunganishi cha SATA kimekusudiwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na nimeona plastiki yake ilivyoyeyuka.

RAM

Ukitoka kwenye umeme, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

RAM iliyoandikwa 3200 au 3600 kwenye boksi mara nyingi haifiki huko kwa kawaida yake. DDR4 nyingi huanza kwa 2133, 2400 au 2666, na kasi ya kwenye boksi hupatikana ukiwasha XMP, au EXPO kwa DDR5 za mashine za AMD, ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya madabodi inayofunguka kabla ya Windows. Huko ni kuiendesha juu ya kasi ya msingi, kwa volti kubwa zaidi, na si kila prosesa na madabodi inakubali. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni bure: ingia BIOS, zima XMP, tumia mashine kwa siku zako za kawaida. Kuzima kukikoma, RAM yako huenda ni nzima na kilichozidi ni kasi tu. Jaribu hatua ya chini kidogo, au angalia kama madabodi ina BIOS mpya. Mtu akikuambia unapoteza nguvu ya mashine, mjibu kwamba mashine inayozima haina nguvu yoyote.

RAM mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti, hata zikiwa na jina moja na ukubwa mmoja, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Zinaweza kuelewana miezi mitatu kisha zikagombana baada ya BIOS kubadilishwa. Ndiyo sababu ninapenda kumshauri mtu asubiri apate seti ya mbili pamoja, hata kama ni ya mtumba, kuliko kuokota moja moja.

Kupima, weka Memtest86+ kwenye fulashi, washa mashine kutoka hapo na uiache usiku kucha. Ni ya bure. Kosa moja ni kosa. Hakuna kiwango kidogo kinachokubalika. Likitokea, bakiza RAM moja kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, ambalo madabodi nyingi huliita A2, upime. Kisha weka nyingine tundu lile lile. Kama moja inaleta makosa na mwenzake haileti, umempata. Kama zote zinaleta makosa kwenye tundu hilo na haziyaleti kwenye jingine, mkosaji ni tundu, au pini za soketi ya prosesa zilizopinda, au prosesa iliyobanwa upande mmoja zaidi. Na kama kila moja ni nzima peke yake ila zikiwa pamoja zinakosea, punguza kasi.

Huku Tukuyu na Rungwe kwenye unyevu mwingi, meno ya dhahabu ya RAM hupata utando. Yafute kwa pamba na spiriti safi inayokauka haraka, acha yakauke, rudisha.

Joto na vumbi

Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni inayozunguka kasi ile ile inasukuma hewa pungufu kwa uzito, na joto linaondoka polepole zaidi. Lakini chumba chetu nacho ni cha baridi kuliko cha Dar es Salaam, na baridi hiyo kwa kawaida inafidia na kuzidi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie mwinuko ndio unaoua mashine yako. Vumbi ndilo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo unabeba udongo mwekundu, na kama kasha limekaa sakafuni karibu na mlango, hitisinki inavaa blanketi ndani ya msimu mmoja.

Fungua HWiNFO, fanya kazi nzito nusu saa, tazama joto la prosesa. Za Intel za mezani nyingi zina kikomo cha nyuzi 100, za AMD kati ya 90 na 95. Kukaribia kikomo kwanza hupunguza kasi, kwa hiyo mashine inayozima kwa joto huwa imeanza kuwa nzito kabla. Ikizima bila kuwa nzito, rudi kwenye umeme.

Joto likipanda hadi 95 ndani ya sekunde chache tangu kuwasha, hitisinki haijagusa prosesa vizuri. Ing'oe uangalie kama ile nailoni iliyobandikwa chini yake ilitolewa. Ni jambo la kawaida sana kwa mashine ya kwanza ya mtu. Pakaa pesti mpya ya kupitisha joto ukubwa wa punje ya maharage na ubane skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke, na pulizia nje, si chumbani. Jiko la mkaa lisikae chumba kimoja na kompyuta, na hili ni kwa ajili ya mapafu yako kabla ya feni.

Kadi, diski, prosesa

Kadi ya grafiksi inayozima kwenye gemu tu: futa draiva kabisa kwa programu ya DDU ukiwa katika hali salama ya Windows, weka draiva mpya, jaribu. Ikiendelea, na prosesa yako ina grafiksi zake, toa kadi ufanye kazi bila hiyo siku kadhaa. Vidoti vya rangi au mistari inayoonekana hata ndani ya BIOS ni kumbukumbu ya kadi inayokufa, na draiva haitaiponya.

Diski, kabla ya chochote, nakili kazi zako mahali pengine. Baada ya hapo CrystalDiskInfo itakuonyesha afya. Namba C5 na C6 zikiwa zinaongezeka kwenye diski ya kuzunguka, inaondoka. Namba C7 ikiongezeka, badilisha waya wa SATA kwanza, ni wa bei ndogo.

Prosesa ndiyo ya mwisho kushukiwa, isipokuwa mbili. Intel Core za mezani za kizazi cha 13 na 14, kuanzia i5-13600K kwenda juu, zilikuwa na kasoro ya volti ambayo Intel yenyewe iliikiri mwaka 2024. Marekebisho yalikuja kupitia BIOS, la mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x12B likiwa la Septemba 2024, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika hairudi. Intel iliongeza dhamana kwa miaka 2. Ukiuziwa ya mtumba, uliza ilitumika na BIOS gani. Nyingine ni Ryzen za kwanza, zile za 1000: baadhi huganda zikiwa zimepumzika, hasa kwa pawa saplai za zamani. Kwenye BIOS tafuta Power Supply Idle Control, chagua Typical Current Idle.

Ukishindwa kumtambua

Bakiza mifupa: madabodi, prosesa, RAM moja, diski moja, skrini. Ikitulia, rudisha kitu kimoja, usubiri, rudisha kingine. Usibadilishe viwili siku moja hata kama una haraka, maana mashine ikipona hutajua kilichoiponya.

Muda wa kusubiri uuhesabu kwa daftari. Mashine iliyokuwa ikizima kila baada ya siku 3 haijapona kwa kukaa siku moja. Ipe mara tatu ya muda wake wa kawaida, yaani siku 9 za matumizi yale yale, kabla ya kusema umemaliza.

Ukimpata mkosaji naye bado yuko ndani ya dhamana, usiende dukani na maneno matupu. Piga picha ya skrini ya Memtest yenye makosa mekundu, ya namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na ya risiti, na uandike ulivyokipima kwenye tundu tofauti. Kama duka liko Kariakoo, zitume picha hizo kwanza na upate jibu la muuzaji kabla ya kukikabidhi kifaa kwa basi, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kuzungushiwa sponji pande zote.